Mahame Yana Majina Ramanini

Ukimuuliza Mtanzania asili yake, mara nyingi atakutajia mahali kabla ya kukutajia mtu. Sisi ni watu wa Liwale, kwetu Kondoa, wazee wetu walitokea Unyanyembe. Majina ya mababu watano au sita yanaweza kuhesabiwa kwenye tambiko au msibani, lakini kinachoyashikilia majina hayo ni kisima, mwembe, mbuga ya malisho na makaburi. Ndiyo maana inashangaza kwamba wanaoandika historia za koo zao siku hizi, na vijitabu vya ukoo vimekuwa vingi hadi vinagawiwa kwenye arubaini na mikutano ya familia ya Desemba, huanza na nasaba na kuishia kwenye nasaba. Nasaba inasema nani kamzaa nani, basi. Walikuwa wapi walipozaana, na kwa nini hawapo tena hapo, haigusi. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba ramani ya zamani ni shahidi wa historia ya familia mwenye haki ya kukaa jirani na mzee wa ukoo, na kwamba, kama shahidi yeyote, haifai kuaminiwa kabla ya kuhojiwa.

Uzito wa shahidi huyu hapa kwetu unatokana na jambo lililotokea ndani ya umri wa watu walio hai. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo iwe imekamilika mwaka 1976 utakapokwisha. Kuhamisha watu hakukuanza siku hiyo. Wakazi wa bonde la Rufiji walikwisha kuondolewa baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Dodoma ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Kigoma. Lakini miaka ya 1974 hadi 1976 ndiyo iliyobeba wengi, na kufikia 1977 serikali ilikuwa ikihesabu watu wapatao milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Kama sera ile ilikuwa njema au mbaya, hayo yameandikwa sana na tuyaache leo. Kwa mtu anayetafuta ukoo wake, kilichotokea ni kwamba kaya zilizotawanyika, kila kundi na jina la mahali pake, zilikusanywa kandokando ya barabara, na kijiji kipya kikapewa ama jina la mtaa mmoja kati ya mingi iliyomezwa, ama jina la siasa ya wakati ule: Azimio, Mapinduzi, Umoja. Mitaa mingine ikawa mahame. Wajukuu wakazaliwa Azimio, wakaandikwa Azimio shuleni na kwenye cheti cha kuzaliwa. Wengi walihamishwa kilomita chache tu, umbali wa kwenda kulima asubuhi na kurudi jioni, na nadhani huo ukaribu wenyewe ndio uliowafanya wasione haja ya kuandika chochote. Nani huandika jina la shamba analoliona kila siku?

Juu ya hapo, mipaka ya utawala nayo haijatulia. Bibi aliyeandikwa kuwa wa Jimbo la Kusini anaweza kuwa wa Lindi, Mtwara au Ruvuma ya leo. Aliyezaliwa Kondoa huenda kijiji chake kiko Chemba tangu wilaya hiyo imegwe 2012, na aliyejitaja kuwa wa Mbeya huenda nyumbani kwao ni Songwe, mkoa ulioanza 2016. Karatasi za ofisini zote ni za kweli, na bado ukizifuata zilivyo utafika wilaya isiyo yako.

Kwa kizazi kilichohamishwa, ramani yenye faida kubwa ni ile ya kipimo cha 1:50,000. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza iliunda, mwaka 1946, idara ya kupima makoloni yake, na ndege za jeshi lake la anga zikaanza kuipiga nchi picha kutoka juu, ukanda baada ya ukanda. Picha hizo, pamoja na kazi ya wapimaji waliotembea ardhini wakikusanya majina, ndizo zilizozaa karatasi ambazo sentimita mbili zake ni kilomita moja ya ardhini. Huo ni ukubwa unaomtosha mtafuta ukoo. Nyumba ni kidoa cheusi. Njia ya miguu ni mstari wa vikato. Mito imepewa majina hadi vijito, vilima pia, na mahali palipokuwa na misheni, shule au lambo pana alama yake. Pembeni mwa karatasi kumeandikwa mwaka ambao picha zilipigwa, na huo ndio mwaka wa kuushika, si mwaka wa uchapaji, kwani kati ya ndege kupita na karatasi kutoka mtamboni hupita miaka. Karatasi iliyochapwa katikati ya miaka ya 1960 inaweza kuwa inaonyesha nyumba za mwisho wa miaka ya 1950. Kwa maeneo mengi ya Tanzania Bara maana yake ni kwamba tunayo sura ya nchi kabla tu haijahamishwa, kidoa kwa kidoa, na ni watu wachache mno wanaoitazama.

Tazama inavyofanya kazi. Maelezo ya wazee kuhusu makazi ya kale yana namna yake: tulikaa ng'ambo ya mto, makaburi yako upande wa machweo, shule ya misheni ilikuwa mwendo wa saa moja, na nyuma yetu palikuwa na kilima ambacho hakuna aliyekilima. Peke yake, masimulizi hayo hayamfikishi mjukuu popote. Yalete mbele ya karatasi. Mto una jina, na majina ya mito hudumu kuliko majina ya vijiji. Misheni ina alama. Mwendo wa saa moja kwa mtoto wa shule ni kilomita nne au pungufu, yaani sentimita nane hivi kwenye ramani. Ukishachora duara kuizunguka misheni na kuangalia linapokatana na ng'ambo ya mto, unabaki na kipande kidogo chenye vidoa vya kuhesabika na jina moja au mawili yaliyopita juu yake. Yasome majina hayo kwa sauti mbele ya mzee, pamoja na majina ya vijito vya jirani, na utakuwa na maswali ambayo hukujua kuwa unapaswa kuyauliza: nani alikaa kwenye kidoa cha pili, kwa nini njia ya miguu inakwenda kule ambako hakuna nyumba, kisima kilikuwa cha nani.

Ukirudi nyuma zaidi kuna ramani ya Kijerumani ya 1:300,000, iliyoanzwa na Richard Kiepert katika miaka ya 1890 na kuendelezwa huko Berlin na Paul Sprigade na Max Moisel. Humo sentimita moja ni kilomita tatu. Nyumba ya mtu hutaiona. Na kabla hujaona chochote itakubidi uizoee tahajia. Mjerumani aliandika sch pale tunapoandika sh, tsch kwa ch, dj kwa j, na j kwa y. Z mara nyingi ikawa s, na s ikawa ss. Basi Unyamwezi ni Unjamwesi, Mwanza ni Muansa, Mpwapwa ni Mpapua, Kilosa ni Kilossa na Ujiji ni Udjidji. Anayetafuta kijiji kinachoanza na Y asipotazama chini ya J ataondoka akiamini hakikuwapo. Miji mingine ilibatizwa kabisa: Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, Tukuyu ikaitwa Neu-Langenburg, Kasanga ikaitwa Bismarckburg. Haya ni ya kujifunza jioni moja. Kinachohitaji akili zaidi ni kujua ramani hiyo ilipatikanaje. Ilikusanywa kwa sehemu kubwa kutoka kwenye madaftari ya maofisa, wamisionari na wasafiri, na mistari ya safari zao imechorwa humo. Majina yamejaa kandokando ya mstari. Ukitoka hapo kilomita kumi, karatasi ni nyeupe. Weupe huo hausemi kwamba hapakuwa na watu. Unasema hapakupita mzungu mwenye daftari.

Tena, vijiji vingi katika ramani hiyo ni majina ya watu. Msafiri aliuliza hapa ni wapi, akajibiwa ni kwa fulani, akaandika. Mtindo huo tunaufahamu hata leo: Handeni imejaa vijiji vinavyoanza na Kwa, na Kwamtoro ya Chemba ingali na jina lake. Kwa mtafuta ukoo hii ni bahati kubwa, kwa sababu jina la jumbe aliyetawala eneo mwaka 1895 linaweza kuwa ndilo jina lililobaki kwenye hadithi za nyumbani. Lakini hapa ndipo haraka inapoumiza. Jumbe alipokufa au kuhama, kijiji kiliweza kubadili jina bila mtu hata mmoja kuhama. Kwa hiyo jina lililopo kwenye karatasi ya Kijerumani na kukosekana kwenye ya Kiingereza si ushahidi kwamba watu walitoweka. Kinyume chake pia hutokea. Miongoni mwa Wayao jina la mwenye kiti lilirithiwa pamoja na kiti chenyewe. Mataka hakuwa mtu mmoja bali kadhaa waliofuatana. Na mrithi, kwa desturi ya jamii nyingi za kusini zinazofuata ukoo wa mama, alitoka kwa dada wa marehemu. Familia inayolikuta jina la babu yake kwenye ramani mbili zilizopishana miaka 60 isishangilie kwamba babu aliishi miaka mingi. Inatazama watu wawili au watatu, na huenda hakuna hata mmoja aliyekuwa baba wa mwenzake.

Kwa sababu hiyo ramani haitumiki peke yake. Mwenzake mzuri kuliko wote ni daftari la ubatizo. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, Masasi 1876, Peramiho 1898, na madaftari ya misheni za kale huwa na jina la mbatizwa, wazazi na, mara nyingi, mahali au jumbe wake. Daftari lina mtu lakini mahali pake pamebaki neno tupu lisiloonekana popote leo. Ramani ina mahali lakini haina mtu. Wale ambao wazee wao walikuwa Waislamu wa bara au hawakuwa na dini ya kuandikishwa hawana daftari hilo, na kwao ramani na kauli ya mzee zinabeba mzigo wote. Huo ni upungufu wa kweli na sioni namna ya kuufunika.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kumwendea mkoloni atuambie sisi ni nani. Hoja hii ina nguvu na haijibiki kwa kupuuzwa. Ramani zilichorwa ili kutawala. Kodi ya kibanda, iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, ilihitaji mtu ajue vibanda viko wapi, na kidoa cheusi kilichomfaa mtoza kodi ndicho hichohicho kinachotufaa leo. Hata hivyo, tujiulize aliyechora alijuaje. Mwaka 1856 wasomi wa Ulaya walishangazwa na ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Ilichekwa, na bado ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke ya 1857. Wamisionari wale hawakuwahi kuliona ziwa lolote. Erhardt alikaa Tanga akiwauliza wafanyabiashara wa misafara, na kila aliyeulizwa alisema kweli: ukienda bara kwa njia hii utafika kwenye maji makubwa. Walikuwa wakisema juu ya Nyasa, Tanganyika na Nyanza; kosa la kuziunganisha lilikuwa la mchoraji. Ramani ile, basi, ni kauli za watu wa pwani zilizowekwa kwenye karatasi na mtu mwingine, na majina ya waliozitoa hayakuandikwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila jina lililoingia kwenye ramani zilizofuata. Kuna mbeba mizigo, mkalimani au jumbe aliyelitamka. Kuikataa ramani kwa sababu ya kalamu ni kumkataa na huyo.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi. Kuna viongozi wa vijiji wanaoogopa, nami nawaelewa, kwamba kijana akirudi na karatasi inayoonyesha nyumba ya babu yake ndani ya shamba la mtu mwingine, kesho yake panga litatoka. Hofu hii haikutungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, hasa mkoani Arusha, watu walikwenda mahakamani kudai ardhi walizoondolewa wakati wa operesheni. Bunge likatunga sheria mwaka 1992 ili kuzima madai hayo, na Mahakama ya Rufani ikabatilisha baadhi ya vifungu vyake mwaka 1994 kwa kusema haki za kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Lakini sheria haikusimama hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, katika kifungu cha 15, ilithibitisha kuwa halali ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa waliohamia vijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Aliyegawiwa shamba mwaka 1975 halipotezi kwa sababu tu mtu kapata ramani ya 1958. Kidoa kwenye ramani, kwanza, hakina jina la mwenye nyumba wala mpaka wa shamba. Ni ushahidi kwamba mtu alikaa hapo, si kwamba alimiliki. Anayeitaka ramani kwa ajili ya kesi atavunjika moyo mapema kuliko anayeitaka kwa ajili ya kaburi. Na kuhusu makaburi, ambayo ndiyo hasa huwarudisha watu kwenye mahame, maelewano kati ya familia na mwenye shamba wa sasa huwa mepesi zaidi pale ambapo pande zote mbili zinatazama karatasi moja kuliko pale ambapo kila mmoja ana lake la kusimulia. Ugomvi wa ardhi nchini mwetu umekuwa ukilishwa na uvumi kwa muda mrefu bila msaada wa ramani yoyote.

Si kila familia itanufaika sawa. Mchagga ambaye kihamba chake kimebaki mikononi mwa ukoo, na makaburi yako mgombani, hahitaji kutafuta kwa sentimita. Sehemu zenye watu wengi kama Kilimanjaro na Bukoba hazikuhamishwa kama kwingine. Mjini Zanzibar ramani ya 1892 inaonyesha mji wa mawe na vibanda vya Ng'ambo vikitenganishwa na maji ya hori ambalo baadaye lilifukiwa, lakini kule hati za nyumba na wakfu husema mengi kuliko mchoro. Wanaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni wajukuu wa manamba. Korogwe, Muheza na Pangani zina familia nyingi ambazo mzee wao alikuja kukata mkonge kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi, Songea au Msumbiji, akabaki, na alipoulizwa alikotoka akataja tu jina la kambi. Ramani za 1:50,000 za Tanga zinayaonyesha mashamba hayo, Magunga, Ngomeni, Kigombe, pamoja na reli zake ndogo na safu za nyumba za wafanyakazi. Haziwezi kumvusha mtu kutoka kambini hadi kwao asilia. Zinachoweza ni kumwambia alikuwa kwenye shamba gani hasa, na hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kutafuta kumbukumbu za Silabu, ofisi ya wenye mkonge iliyoandikisha vibarua tangu miaka ya 1940. Vivyo hivyo kwa mzee aliyedai alifanya kazi ya reli Nachingwea. Leo reli hakuna, na vijana humwona mwongo. Ramani za miaka ya 1950 zinayo, ikitoka baharini kwenda kwenye mashamba ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Iling'olewa baada ya mradi kufa.

Ugumu uliobaki ni wa kuzipata. Karatasi za Kijerumani zipo Maktaba ya Taifa ya Berlin, na nyingi zinaonekana bure mtandaoni. Picha za angani za Waingereza ziko Edinburgh. Dar es Salaam tunayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kumbukumbu zake za enzi ya Wajerumani ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia, na Wizara ya Ardhi ina idara yake ya upimaji na ramani. Mtu wa Liwale hana nauli ya kwenda hata Dar es Salaam kwa ajili ya jina la kijito. Kuzichapa kwa ukubwa karatasi za 1:50,000 zinazoifunika halmashauri na kuzitundika maktaba ya wilaya au ofisi ya kata ni gharama ndogo kuliko bango moja la kukaribisha mbio za Mwenge. Lifanyike sasa, maana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa operesheni ya 1974 amekwisha kupita 70, na ni yeye tu anayeweza kusema kidoa kipi kilikuwa cha nani. Karatasi ziwe na nafasi ya kuandikia yale ambayo wapimaji hawakuyauliza: visima vya akina mama, mipaka ya mbuga za malisho, makaburi, mtaa ulivyoitwa na wenyewe kabla ya jumbe kuupa jina lake. Na jina la mzee aliyesema liandikwe hapo pembeni pamoja na tarehe, kama wapimaji walivyoandika mwaka wa picha zao, ili atakayekuja kubisha ajue anabishana na nani.